Kicheza muziki cha zamani kisipotambuliwa na kompyuta: Anza na waya, usikubali kufomati

SI ajabu kukuta, ndani ya sanduku la nguo au juu ya kabati katika nyumba ya Ozi, Kipini au Garsen, kicheza muziki kidogo cha miaka ya 2000 ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu. Siku hizi nyimbo husikilizwa kwa simu, nacho chombo hicho kimebaki kuwa kumbukumbu ya ujana wa mwenyewe.

Hata hivyo, thamani ya chombo cha aina hiyo haimo katika chuma wala plastiki yake. Vicheza muziki vingi vya wakati ule vilikuwa na maikrofoni ndogo ya kurekodia, na wenye navyo waliweza kuvitumia arusini, katika maulidi, kwenye ngoma na hata barazani wazee walipokuwa wakisimulia. Msimulizi huenda amekwisha kufariki, na pengine nakala pekee ya sauti yake ni ile iliyomo ndani ya chombo kinachotosha kiganjani.

Siku moja mwenyewe huamua kuitoa sauti hiyo na kuiweka mahali salama. Hukichukua chombo, husafiri hadi kwenye saiba, hukichomeka kwenye kompyuta, na hapo hutokea jambo moja kati ya matatu. Huenda kompyuta ikakaa kimya kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Huenda ikalia na kuandika kuwa kifaa hakitambuliki. Au, na hili ndilo la hatari kuliko yote, hutoa kidirisha kinachodai kuwa ni lazima chombo kifomatiwe kabla ya kutumika.

Anayebofya kukubali katika hali hiyo ya tatu huenda akakifuta kile kile alichokifuata. Makala haya yanaeleza, hatua kwa hatua, sababu za kompyuta kukataa kukitambua kicheza muziki cha zamani, na namna ya kuzishughulikia bila kuhatarisha kilichomo. Hatua nyingi hazihitaji fedha wala fundi, na nyingine zaweza kufanyiwa nyumbani kabla ya mtu kufunga safari.

KWA NINI KOMPYUTA HUKATAA

Kicheza muziki kinapochomekwa, mambo matatu hufuatana. Kwanza, umeme hutoka kwenye kompyuta na kuingia katika chombo. Pili, chombo hujitambulisha kwa kompyuta: mimi ni nani, natoka kwa mtengenezaji gani, na ni wa aina gani. Tatu, kompyuta hutafuta programu ya kuzungumza na chombo hicho, kisha hujaribu kusoma faili zilizomo.

Tatizo laweza kuwa katika hatua yoyote kati ya hizo. Kompyuta ikikaa kimya kabisa, aghalabu kasoro iko kwenye waya, tundu au betri. Ikisema kifaa hakitambuliki, maana yake imehisi kitu lakini mazungumzo yamekatika njiani. Ikitaka kufomati, basi imekiona chombo vizuri, ila haielewi namna faili zilivyopangwa ndani yake.

Kwa hiyo ujumbe wa kompyuta, hata uwe wa kukera kiasi gani, ni dalili inayomwonyesha mtu pa kuanzia. Kanuni ni moja: tuanze nje na kuingia ndani polepole, kutoka kwenye waya hadi kwenye diski. Lililo rahisi na lisilo na madhara litangulie, na lile lisiloweza kurudishwa nyuma liachwe hadi mwisho.

WAYA NDIO MSHUKIWA WA KWANZA

Ndani ya waya wa kawaida wa USB wa miaka ile mna nyuzi nne. Mbili hupitisha umeme na mbili hupitisha data. Waya ukiwa na nyuzi za umeme peke yake, chombo kitachaji na pengine kioo chake kitawaka, lakini kompyuta haitakiona kamwe.

Nyaya za namna hiyo zimejaa madukani kwa kuwa ni za bei nafuu. Baadhi ya zile zinazouzwa pamoja na taa za sola, redio ndogo na spika za mkononi ni za kuchajia tu. Kwa macho mtu hawezi kuutofautisha waya huo na ule uliokamilika. Jaribio rahisi ni hili: chukua waya huo huo na uunganishe kifaa kingine chenye tundu la aina hiyo ambacho unajua kinafanya kazi, kama vile kamera ya zamani. Kikionekana kwenye kompyuta, waya ni mzima. Kisipoonekana, umemjua mhalifu.

Vicheza muziki vingi vya miaka hiyo hutumia tundu dogo la USB lenye umbo la pembe nne zilizobetuliwa, kubwa kidogo kuliko lile la simu za Android za baadaye. Baadhi vina tundu lao maalumu. iPod, kwa mfano, kuanzia mwaka wa 2003 zilitumia tundu pana lenye pini 30. Usilazimishe waya usiolingana kuingia, kwa kuwa tundu likivunjika ndani, kazi ndogo hugeuka kuwa kubwa.

Ukiwa kwenye kompyuta, chomeka waya moja kwa moja kwenye mwili wa mashine, hasa matundu ya nyuma kwa kompyuta za mezani. Epuka kigawanyi cha USB kisicho na umeme wake chenyewe. Tundu la USB 2.0 hutoa umeme usiozidi miliampia 500, na vifaa vitatu vikigawana kiasi hicho, kile chenye betri iliyochoka ndicho kitakachoshindwa.

CHUMVI, VUMBI NA UNYEVU

Ozi ni mahali pa maji. Kijiji kiko karibu na mlango wa Mto Tana, na kwa miaka mingi wakulima wa huko wamelalamikia maji ya bahari yanayopanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga na miembe. Chumvi hiyo hiyo, ikibebwa na upepo na unyevu, haivisamehi vyombo vya umeme. Pini ndogo za shaba ndani ya tundu la kicheza muziki huota kutu ya rangi ya kijani au nyeupe, nayo kutu hiyo huzuia data isipite hata pale ambapo umeme unapita.

Zima chombo, kisha lichunguze tundu kwa kurunzi. Ukiona vumbi, litoe kwa kijiti kikavu cha mbao, si kwa sindano wala pini ya chuma. Ukiona kutu, chovya mswaki laini uliokauka katika spiriti safi ya kusafishia, isugue kutu taratibu, na uache chombo kikauke kabisa kabla ya kukiwasha. Maji ya kawaida yasitumike, na mafuta ya kupikia yasikaribie.

Mafuriko nayo hayakosi kutajwa. Eneo la Tana Delta lilifurika vibaya mwaka wa 2018 na tena mwishoni mwa 2023. Chombo kilichozama majini kisiwashwe ili kuona kama kimepona, kwani umeme ukipita kwenye maji yenye tope huunguza kile ambacho maji hayakukiharibu. Kiondolewe betri ikiwa inatoka, kikaushwe siku kadhaa mahali penye hewa, kisha kipelekwe kwa fundi akifungue na kukisafisha ndani.

BETRI ILIYOLALA MIAKA

Betri ya lithiamu iliyokaa muda mrefu bila kuchajiwa huweza kushuka chini mno hata chombo kisiwake. Wengi huichomeka kwenye kompyuta kwa dakika mbili, wakiona kimya hukata tamaa. Subira yatakiwa hapa. Kiache chombo kikichaji kwa nusu saa angalau, na ikibidi kwa saa kadhaa, kabla ya kutoa hukumu.

Kwa wanaotegemea sola, tundu la USB la taa au la kisanduku cha sola litafaa kwa kazi hiyo ya kuchaji, kwa sababu hapo kinachotakiwa ni umeme tu. Jambo la kuepuka ni kuunganisha chombo moja kwa moja na betri ya gari. USB hutumia volti 5, ilhali betri ya gari hutoa volti 12, na tofauti hiyo hutosha kukiunguza.

Vipo pia vicheza muziki vya bei nafuu vinavyotumia betri moja ndogo aina ya AAA. Baadhi ya hivyo havitambuliwi na kompyuta mpaka viwekewe betri mpya, hata kama vimechomekwa. Angalia chemchemi na bati linalogusana na betri: kama betri ya zamani ilivuja, safisha hapo kwanza.

Wenye iPod za kale wajue jambo moja la ziada. iPod ya kwanza, iliyotangazwa Oktoba 23, 2001, ilitumia waya wa FireWire pekee. Ile ya mwaka 2003 iliweza kupokea nyimbo kwa USB, lakini ilichaji kwa FireWire tu. Mtu anayeichomeka kwa USB ikiwa imekwisha chaji ataona imekufa, kumbe haijapata umeme hata kidogo.

Onyo: betri iliyovimba, ikainua kioo au kufungua mwili wa chombo, isichajiwe, isibanwe wala kutobolewa. Yaweza kushika moto. Mnamo Novemba 2011 kampuni ya Apple ilitangaza kuzibadilisha iPod nano za kizazi cha kwanza, zilizouzwa kati ya Septemba 2005 na Desemba 2006, kwa sababu betri zake zingeweza kupata joto kupita kiasi. Mwenye chombo cha aina hiyo asikiache kikichaji usiku watu wakiwa wamelala.

KITUFE KILICHOSAHAULIKA

Vicheza muziki vingi vina swichi ndogo ya kufunga vitufe ili visibonyezwe mfukoni, na aghalabu imeandikwa Hold. Swichi hiyo ikiwa imefungwa, chombo huonekana kama kilichokufa. Iwashe na kuizima mara moja au mbili.

Kama chombo kimeganda, kianzishe upya. Jambo hili halifuti nyimbo. Kwenye iPod yenye gurudumu la kubofya, sogeza Hold kwenda na kurudi, kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha Menu na kile cha katikati kwa muda wa sekunde kama kumi, mpaka alama ya tofaa itokee. Kwa iPod za awali, za kabla ya gurudumu hilo, bonyeza Menu na kitufe cha kuchezesha. Vyombo vya makampuni mengine huwa na kitundu kidogo cha kuanzisha upya, kinachobonyezwa kwa ncha ya kibanio cha karatasi, au huhitaji kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hadi ishirini.

iPod yenye gurudumu ina mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Alama ya tofaa inapotokea tu, achilia vitufe vya kwanza na ubonyeze cha katikati pamoja na cha kuchezesha. Chombo kitaingia katika hali ya diski, ambamo hujionyesha kwa kompyuta kama diski ya kawaida. Mara nyingi iPod iliyokataa kutambuliwa kwa njia ya kawaida hukubali kwa njia hii.

LUGHA MBILI ZA USB

Katikati ya miaka ya 2000 vicheza muziki viligawanyika kwa namna vilivyozungumza na kompyuta. Vingine vilijionyesha kama flashi ya kawaida, njia inayofupishwa MSC. Vingine vilitumia njia iitwayo MTP, ambayo hutegemea programu za muziki za Windows na haikipi chombo herufi ya diski kama D au E.

Baadhi ya vyombo, kama vile Sansa za kampuni ya SanDisk, humruhusu mwenyewe kuchagua. Ingia kwenye menyu ya mipangilio, tafuta mahali palipoandikwa USB Mode, na ubadilishe kutoka MTP hadi MSC. Kisha chomoa na uchomeke upya. Faili zilizowekwa kwa njia moja huenda zisionekane ukiwa katika nyingine, kwa hiyo jaribu zote mbili kabla ya kusema chombo ni kitupu.

Vipo pia vyombo vilivyofungwa kwenye programu ya kampuni yake. Vicheza muziki vya zamani vya Sony vilihitaji SonicStage, na Zune ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa Novemba 2006, ilihitaji programu ya Zune. Hapa kompyuta ya zamani yenye Windows XP au Windows 7 huweza kufaa kuliko mpya. Lakini mifumo hiyo haipati tena masasisho ya usalama, ya kwanza tangu Aprili 2014 na ya pili tangu Januari 2020. Itumie bila kuiunganisha na intaneti.

UKAGUZI WA KOMPYUTA

Ikiwa waya ni mzima, betri ina chaji na mipangilio ni sawa, geukia kompyuta. Kwenye Windows, fungua Device Manager, ambayo ni orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Chomeka chombo huku ukiitazama. Orodha ikitikisika na kifaa kipya kutokea, hata kikiwa na alama ya manjano ya tahadhari, ni habari njema: umeme na data vinapita. Kiondoe kifaa hicho kwenye orodha, chomoa waya, izime kompyuta na kuiwasha, kisha uchomeke tena ili programu yake ndogo ya mawasiliano, yaani draiva, ijiweke upya.

Kama chombo kipo kwenye orodha hiyo lakini hakina herufi ya diski, fungua Disk Management. Huenda herufi yake imechukuliwa na kifaa kingine, au haikupewa kabisa. Ipe herufi isiyotumika, bila kugusa amri nyingine yoyote katika ukurasa huo. Kwenye matoleo ya Windows yenye herufi N mwishoni mwa jina, njia ya MTP haifanyi kazi mpaka iongezwe Media Feature Pack, inayotolewa bure na Microsoft.

Kwenye kompyuta za Mac, programu ya iTunes iliondolewa kuanzia toleo la Catalina la Oktoba 2019. Tangu hapo iPod huonekana ndani ya Finder, upande wa kushoto, na si kwenye programu ya muziki. Wengi huitafuta mahali pasipo na kuamini imekataa.

Wateja wa saiba wana tatizo lao jingine, yaani virusi. Baadhi ya virusi vinavyosambaa kwa flashi huficha folda zote na kuacha vijisanduku vya njia za mkato. Chombo huonekana kitupu, ilhali ukiangalia nafasi iliyotumika unakuta kimejaa. Usikifute. Washa mpangilio wa kuonyesha faili zilizofichwa, na folda zako zitajitokeza.

KIDIRISHA CHA HATARI

Tumefika sasa kwenye kile kidirisha kinachotaka chombo kifomatiwe. Jibu la kwanza ni kukataa. Kufomati ni kupanga upya rafu za diski kana kwamba hakuna kilichowahi kuwekwa. Hukifanya chombo kitambulike, lakini chombo kitupu.

Sababu moja ya kidirisha hicho haihusiani na uharibifu wowote. iPod iliyoandaliwa kwenye Mac hupangwa kwa mfumo ambao Windows haiusomi, na Windows kwa kutoelewa hudhani diski haijaandaliwa. Ichomeke kwenye Mac na kila kitu kitaonekana. iPod iliyoandaliwa kwenye Windows husomeka pande zote mbili.

Tahadhari nyingine ni ya iTunes. Ukiichomeka iPod kwenye kompyuta ambayo si yake ya zamani, programu hiyo huweza kuuliza kama ifute yaliyomo na kuweka ya kompyuta hiyo. Kataa pia. Nyimbo za iPod yenye gurudumu hukaa katika folda iliyofichwa iitwayo iPod_Control, ndani ya folda ya Music. Majina ya faili ni ya herufi nne zisizo na maana, lakini jina la wimbo na la msanii limo ndani ya faili yenyewe. Nakili folda nzima kwenye kompyuta, kazi nyingine ifuate baadaye.

Ikiwa kidirisha kinatokea kwenye kila kompyuta, yumkini orodha ya faili imeharibika. Sauti zenyewe mara nyingi bado zimo. Programu ya bure iitwayo PhotoRec husoma diski moja kwa moja bila kutegemea orodha hiyo, na kuokota faili za sauti kadiri inavyozikuta. Masharti ni mawili: usiandike chochote kipya kwenye chombo, na yale yanayookolewa yawekwe kwenye diski nyingine. Hata aliyekwisha kufomati kwa pupa asikate tamaa, mradi hajaweka nyimbo mpya juu yake.

PASIPO KOMPYUTA

Kwa anayeishi mbali na saiba, zipo njia za kando. Kama chombo kina kadi ya memori, itoe na kuisoma kwa simu au kisoma kadi. Kumbuka tu kuwa sauti zilizorekodiwa huenda ziko kwenye hifadhi ya ndani, si kwenye kadi. Simu nyingi za Android nazo huweza kusoma kicheza muziki kinachojionyesha kama flashi, kwa kutumia adapta ndogo ya OTG. Chombo kiwe na chaji ya kutosha, kwa kuwa simu haina umeme mwingi wa kugawa.

Njia ya mwisho ndiyo ya kale kuliko zote, na huwafaa wale ambao chombo chao bado kinacheza ila tundu la USB limekufa. Chukua waya wenye ncha za visikizi pande zote mbili. Upande mmoja uingie kwenye tundu la visikizi la chombo, wa pili kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Fungua programu ya kurekodi, kama Audacity inayopatikana bure, bonyeza kurekodi, na ukichezeshe chombo mwanzo hadi mwisho. Saa moja ya mazungumzo itachukua saa moja, na ubora utapungua kidogo. Lakini sauti itakuwa imetoka.

Baadhi ya vyombo vya bei nafuu vilirekodi sauti katika faili zenye mwisho wa ACT, ambazo programu nyingi za kompyuta hazizichezi. Faili hiyo haijaharibika. Yahitaji tu kubadilishwa kuwa WAV au MP3. Ukishindwa kuibadilisha, icheze kwenye chombo chenyewe na kuirekodi kwa waya kama ilivyoelezwa.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Dalili tatu zatosha kumfanya mtu asimamishe majaribio. Ya kwanza ni betri iliyovimba. Ya pili ni mlio wa kugonga ndani ya iPod au chombo kingine chenye diski inayozunguka; diski hiyo iko katika siku zake za mwisho, na kila kuiwasha huikaribisha kwenye kifo. Ya tatu ni harufu ya kuungua au joto la ghafla.

Unapomkabidhi fundi chombo, mweleze kwanza jambo moja kabla ya yote: ninachotaka ni sauti zilizomo, si chombo kitengenezeke. Fundi asiyejua hilo atafomati kwa nia njema, akurudishie kicheza muziki kinachofanya kazi vizuri na kisicho na kitu.

SAUTI INAPOPATIKANA

Mtu akishafaulu, asiishie hapo. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta au simu, ya pili kwenye flashi inayowekwa nyumba nyingine, na ya tatu kwenye hifadhi ya intaneti au kwa ndugu aliye mbali. Ikiwa mafuriko yatafika tena Ozi, hayataweza kufika mahali pote patatu. Faili zipewe majina ya kueleweka: nani anazungumza, wapi, na mwaka gani. Baada ya miaka ishirini, jina kama REC005 halitamwambia mjukuu chochote.

Wakazi wa Tana River wanayo sababu yao ya kulitilia jambo hili maanani. Wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa mwaka wa 1963 na jopo la wanamuziki ambamo walikuwamo Graham Hyslop na Thomas Kalume, ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, na Mzee Meza Moroa Galana ndiye anayetajwa kuwa mwenye sauti hiyo. Wimbo uliokuwa ukiimbwa na akina mama kando ya mto ulidumu kwa sababu kulikuwa na watu waliousikiliza na kuunasa kwa wakati.

Apple iliacha kuuza iPod yenye gurudumu mnamo Septemba 2014, na Mei 2022 ilitangaza mwisho wa iPod ya mwisho kabisa. Nyaya zake zinapungua madukani na betri zinazeeka kabatini. Kwa hivyo aliye na chombo cha aina hii asingoje. Akitafutie waya uliokamilika, akichaji kwa subira, na kompyuta itakapomwuliza kama afomati, ajibu hapana mpaka sauti iliyomo iwe imepata makao mengine.